Mbwa Niliyemchukua Mbalamwezi

Kosa langu lilikuwa moja, na mtu yeyote aliyezaliwa kando ya ziwa angecheka kabla sijamaliza kulisimulia: nilichukua mtoto wa mbwa wakati wa mbalamwezi.

Pale Kibirizi dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha karabai, dagaa huufuata mwanga, wavu hupandishwa. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa hazina kazi, dagaa hutawanyika ziwa zima. Basi mitumbwi huvutwa mchangani, wavuvi hushona nyavu zao, na sisi wanawake tuliokuwa tukianika tunakaa nyumbani kama wake za mabwana shamba. Tunasukana. Tunalala mchana. Siku kumi hivi, wakati mwingine zaidi. Halafu giza hurudi na kazi hukushika shingo: unatoka kabla ya jua, unapokea dagaa wabichi, unawatandaza mchangani, unawageuza, unafukuza kunguru, unawakusanya wakikauka, na ikifika alasiri huna mgongo.

Wenyeji walilijua hilo bila kufundishwa. Mimi nilitoka milimani, Kalinzi, na darasa langu la nne na kichwa kilichojaa mipango, na sikuwa nimetimiza hata mwezi mmoja ziwani. Nilidhani mbalamwezi ndiyo maisha.

Ilikuwa miaka ile watu wa milimani walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Nilipanda kwenda kumsaidia mjomba kubeba vyombo. Nilikuta nyumba imekwisha ezuliwa, mikeka imefungwa kamba, na chini ya kitanda kilichobaki peke yake uwanjani mbwa wa mjomba alikuwa akinyonyesha watoto wanne. Mjomba akasema kule kijijini nyumba zimepangwa mstari, mlango unatazama mlango, mbwa mmoja anatosha, hawa wadogo watajua wenyewe. Nikaelewa maana yake. Majirani walichukua watatu. Wa nne, mwekundu, masikio yamekunjika kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua, nikamtia kikapuni nikashuka naye juu ya lori la kahawa. Njia nzima nilikuwa naota. Nilimwona amekuwa mkubwa, tunateremka naye ufukweni alfajiri, kunguru wakituona tu wanahama wilaya.

Nilikuwa nimepanga chumba cha uani palepale Kibirizi kwa bibi mmoja mjane, ambaye babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, wakawa watu wa Ujiji kabisa. Ua wake ulifagiliwa mara mbili kwa siku. Alichungulia kikapuni.

"Huyu ni nini?"

"Mtoto wa mbwa, Bibi."

"Kwani nimesema mtoto wa mbuzi? Nauliza anafanya nini nyumbani kwangu."

Nikamweleza habari ya mjomba na nyumba iliyoezuliwa. Nadhani ilikuwa ile nyumba iliyomlainisha. Akanipa masharti. Mbwa asiguse ndoo zake, asiguse vyombo, asikanyage mkeka wake wa sala, maana mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, "na mimi, mjukuu wangu, mikono ya kusugua mara saba sina tena." Sharti la mwisho alilisema akiwa ameshanipa mgongo: "Na asinipigie kelele. Kichwa changu hakipendi."

"Hapigi kelele, Bibi. Mpole sana."

Na kweli siku zile alikuwa mpole! Kwa nini asiwe? Nilikuwa naye asubuhi, mchana, jioni. Nikipika amelalia miguu yangu. Nikienda chooni ananingoja mlangoni kama askari wa bandari. Nikisukwa yumo mapajani. Bibi alituona akasema, "Huyo umemwokota au umemzaa?" Nikacheka. Nilikuwa sijui kwamba kila siku niliyocheka hivyo ilikuwa siku ya kumharibu.

Giza likarudi. Asubuhi ya kwanza nilimwachia ugali kidogo, maji, na gunia la kulalia, nikamuaga kwa maneno mengi kama anayekwenda safari ya meli, nikafunga mlango. Sikuwa nimefika kwenye mtaro, nikasikia. Mlio ule sikuutegemea kutoka kwenye kitu kinachoenea kikapuni. Ulianza chini, ukapanda, ukakatika, ukaanza tena. Nikarudi. Nikafungua. Akanirukia, akanikojolea mguu kwa furaha. Nikamtuliza, nikafunga, nikaondoka. Akaanza. Nikarudi tena. Mara ya tatu nilikimbia nimeziba masikio, na nilipofika mchangani sehemu zote nzuri zilikwisha chukuliwa, nikabaki kwenye kokoto karibu na njia ya wachukuzi, ambako kila anayepita anakukanyagia dagaa wako na kusema samahani.

Alasiri nilimkuta Bibi uani amejifunga kitambaa kichwani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mpole wako kalia tangu ulipotoka. Kalia nikiwa kwenye swala ya adhuhuri, sikujua nimefika rakaa ya ngapi."

Siku ya pili nikaona nimepata akili: nikamchukua kazini. Hiyo akili iliishi robo saa. Aliwaona dagaa, akaona ni neema aliyotandaziwa yeye. Alipita katikati ya vitandazo vya watu wanne, anakula huku anakimbia, na alipofika kwenye kitandazo cha mwenyekiti wa kikundi chetu cha ushirika akainua mguu. Hakuwa hata anajua kuinua mguu vizuri, alianguka. Lakini alikwisha fanya alichofanya.

"Toa jibwa lako!" mwenyekiti alipiga kelele. "Dagaa hawa wanakwenda kwa Waislamu wenzangu, nitawaambia nini? Nitawaambia nimewatia chumvi?"

Beseni zima likatupwa ziwani. Nikaambiwa mbele ya wote kwamba nikimleta tena nisije mimi pia.

Basi hakukuwa na njia ila kumwacha peke yake. Jirani yangu pale mchangani, mama wa watoto watano, alinipa ushauri mwingi, kila asubuhi mpya. "Mwachie nguo yako, anuse harufu." Nikamwachia kanga. Nikakuta vipande vya kanga. "Mshibishe, alale." Nikamshibisha. Alilia na kutapika. "Mchokoze acheze hadi achoke." Niliamka saa kumi ya alfajiri kumkimbiza mbwa chumbani, nikachoka mimi. Yeye alinisindikiza mlangoni akiwa mzima kama kigongo.

Na mimi nilizidi kuharibu, kwa kuwa moyo wangu mwepesi. Siku ya tano, saa sita mchana, nilishindwa. Nilimwambia jirani yangu, "Niangalizie, nakwenda na kurudi." Nilikimbia hadi nyumbani, nikamsikia tangu njiani, nikaingia, nikamkumbatia. Akanyamaza, akalala mkononi. Nikasema nikae dakika mbili tu. Juu ya bati nikasikia tone. Halafu la pili. Mvua ya ng'ambo ile, inayotoka milima ya Kongo, haina adabu ya kubisha hodi. Unaiona nyeupe upande wa pili wa ziwa, na kabla hujamaliza kusema "inakuja" imefika. Niliporudi mchangani wenzangu wamefunika vyao, jirani yangu kafunika vyake na nusu ya vyangu, nusu nyingine imegeuka uji. Hakuna aliyenigombeza. Mwenyekiti alisema tu, "Mwenzetu ananyonyesha." Walicheka hadi wakashika mbavu. Nilitamani wangenigombeza.

Jioni ile Bibi hakuwa na kitambaa kichwani. Alikuwa amevaa vizuri, ametulia, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Mjukuu wangu, nimevumilia. Sasa uchague. Mbwa au chumba."

Nani alikuwa na chumba cha kutupa siku zile? Watu walikuwa wakilala watatu watatu kwenye vibanda vya wavuvi. Na mbwa ningempeleka wapi? Kwa mjomba hakuna kwa mjomba tena, na hapa mtaani mbwa asiye na mtu hupigwa mawe hadi anaacha kuwa mbwa. Nikasema, kwa kiburi cha mtu aliyebanwa, "Bibi, halii kiasi hicho. Unazidisha."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsikia kutoka njiani! Bibi akasimama, akachukua mtandio wake, akaenda moja kwa moja kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi.

Mjumbe alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi reli, mtu wa utaratibu. Alikuja, akatusikiliza wote wawili, akamtazama mbwa, mbwa akamramba kiatu.

"Hapa kuna madai mawili yanayopingana," alisema. "Bibi anasema analia kutwa. Ndugu mpangaji anasema halii sana. Mimi sitasikiliza maneno. Kesho nitakuja mwenyewe kuchunguza."

Kesho yake nilipokuwa natoka nilimwona anaingia na kiti chake cha kukunja na redio yake begani. Siku nzima nilianika dagaa. Niligeuza dagaa waliokwisha geuzwa. Jirani yangu akaniambia, "Ukiwageuza tena watapata kizunguzungu." Niliporudi alasiri, mjumbe alikuwa amesimama uani ananingoja, uso umemng'aa.

"Nimekaa tangu saa kumi na mbili hadi saa nane. Sijasikia hata panya. Mbwa huyu hana kosa. Bibi, naomba tusiwasumbue wapangaji."

Niliruka kwa furaha. Kweli niliruka. Kisha nikamwona Bibi ameketi kwenye kigoda, birika la chai aliyompikia mjumbe liko pembeni yake, anatazama chini. Nikamwamkia. Akaitika marahaba bila kuinua macho, na jioni ile kwa mara ya kwanza hakuniuliza nimekula nini.

Usiku sikuota chochote. Asubuhi nilifunga mlango, nikapita mtaro, halafu nikazunguka nyuma ya jiko la jirani, nikachuchumaa kwenye uzio wa matete kama mwizi wa kuku. Nikasikiliza. Bibi alikuwa anafagia, anawagombeza kuku wake. Chumbani kimya. Akaosha sufuria, akaongea peke yake habari ya kuni mbichi. Kimya. Kisha akachukua ndoo akatoka kwenda bombani, mlango wa ua ukalia, na palepale, kabla hata ndala zake hazijapotea njiani, mbwa akaanza.

Hapo nikaelewa. Mjumbe alikaa uani na chai yake, na redio yake inayozungumza, na mazungumzo yake yasiyokwisha ya reli. Mbwa gani angelia? Alikuwa na mkutano mzima wa hadhara nje ya mlango wake. Bibi alikuwa amesema kweli, na kila alipotoka bombani, sokoni, kwa mgonjwa, alirudi akikuta majirani wanamwuliza nani anachinjwa kwake. Mbwa naye akalia mpaka akazoea kulia, hata siku nyingine Bibi akirudi anaendelea.

Na niseme lililoniuma zaidi, ingawa ni aibu: hakuwa akinililia mimi. Alikuwa akilia upweke. Sauti yoyote ingemfaa, hata ya redio inayoeleza bei ya pamba. Na mimi niliyemtia kikapuni, niliyepoteza kanga na dagaa na heshima!

Nilichelewa kazini siku ile pia. Jioni nikaenda kwa mjumbe.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kwa ile kesi. Mbwa analia, Mzee, ila mtu akiwepo halii. Bibi hakukosea. Ungekuja usikilizie nyuma ya uzio..."

"Ndugu," alinikata, "unataka kiongozi wa nyumba kumi achuchumae nyuma ya jiko la watu?"

"Mimi nilichuchumaa."

"Wewe si kiongozi. Kesi imekwisha. Umeshinda. Kashinde."

Nikarudi nyumbani na ushindi wangu, mzito kama gunia lililolowa. Nikamwendea Bibi.

"Bibi, ulisema kweli. Mimi ndiye nilisema uongo."

"Najua nilisema kweli. Nilikuwepo."

"Nisamehe."

"Kunieleza mimi kuna faida gani? Nyumba kumi zinasema bibi kizee kamzulia mtoto wa mbwa. Kweli yako kaiseme bombani."

Bombani! Pale asubuhi kuna wanawake ishirini na ndoo, na kila mmoja ana ulimi wake. Nilikwenda. Nilipanga foleni. Nilipofika katikati nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyopanga, kwamba mbwa wangu hulia Bibi akitoka, na hunyamaza mtu akiwepo, na siku ya uchunguzi alinyamaza kwa sababu mjumbe alikuwepo.

Ndoo moja ikafurika.

"Ngoja," mwanamke mmoja mnene akasema. "Kwa hiyo siku ile mjumbe alikuwa yaya wa mbwa?"

"Na chai alikunywa!"

"Na redio akambembelezea!"

Sikuwa nimekusudia hivyo. Nilijaribu kusema mjumbe hakukosea, hakujua tu, lakini nani anasikiliza? Kabla ya adhuhuri jina la Bibi lilikuwa safi na la mjumbe limechafuka. Siku ya kazi za kujitolea akanipangia mtaro, peke yangu, sehemu yenye mawe. Nilichimba. Kila nilichotengeneza wiki zile kilivunja kingine.

Lakini Bibi aliongea nami. Alikuja mlangoni kwangu, hakuingia, akasimama na mtandio wake ameukusanya mbwa asiuguse.

"Zimebaki siku ngapi za giza?"

"Nne, tano hivi."

"Hizo nitafunga kichwa. Mwezi ukitoka huna kazi. Basi siku hizo usimkalie kama kuku anayeatamia. Mfundishe kukaa peke yake. Giza likirudi akilia, toka naye."

Hivyo mbalamwezi ile, wenzangu wote wamelala, wanasukana, mimi nilikuwa nakwenda kazini. Nilijifunga kanga ya kazi, nikachukua beseni tupu, nikafunga mlango bila kuaga, nikaenda hadi chooni nikarudi. Nikaenda hadi mtaro. Nikaenda hadi barabarani. Mara ishirini kwa siku, thelathini. Jirani yangu wa mchangani alinikuta njiani akaniuliza naanika nini mbalamwezi, mchanga? Nilikuwa nimechoka kuliko siku za dagaa.

Na kumbe nisingeweza peke yangu, maana Bibi akiwa uani mbwa hajifunzi chochote. Ilibidi naye atoke. Alilalamika sana, akachukua tasbihi yake na kigoda, tukaenda kukaa wote wawili nyuma ya jiko la jirani, tunanong'ona.

"Anapiga kelele."

"Nimfungulie, Bibi?"

"Kaa chini! Ukimfungulia akilia, si umemfundisha kulia? Siku zote ulikuwa unamlipa."

"Anaumia."

"Mimi pia naumia, kigoda hiki kina mguu mbovu. Nyamaza."

Tulingoja. Akipunguza, Bibi anainua kidole. Akinyamaza, tunangoja kidogo tena, yeye anasogeza tasbihi, ndipo ananiruhusu. Naingia, simshangilii, nasimama kama nimekuja kuchukua chumvi. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Anakurukia, mkia unamtikisa mwili mzima, na wewe unatazama ukuta. Siku nyingine alinyamaza haraka, nikadhani tumemaliza, kesho yake akalia kama siku ya kwanza, nikalia naye, Bibi akatuona wote wawili hatuna maana.

Mwezi ukaanza kuchelewa. Wavuvi wakapaka mitumbwi lami, karabai zikajaribiwa. Asubuhi ya kwanza ya giza nilifunga mlango, sikugeuka. Nilianika, niligeuza, sikuuliza saa. Mvua haikuja. Alasiri nilirudi polepole, nikimwazia mbwa wangu na mahali ambapo ningempeleka, na sikupapata.

Bibi alikuwa uani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bibi. Alilia?"

"Marahaba. Alilia."

Nikaweka beseni chini.

"Nilipotoka bombani," akaendelea, anatupa chuya pembeni. "Nikasimama njiani nimsikilize. Alilia kama mtu anayepiga miayo, basi. Nikaenda, nikapanga foleni, nikarudi, kimya. Baadaye nikaenda kwa mgonjwa, nimekaa huko hadi adhuhuri. Majirani hawajaniuliza kitu."

"Kwa hiyo anabaki?"

"Mbwa anabaki." Akasogeza ungo, akainuka kwa kujishika magoti, akanishika mkono. "Sasa njoo uone alivyoutafuna mlango wangu, chini hapa, mbao yote. Uje uuone kwanza, ndipo ufurahi."